Faini za Nairobi hazikuua kamera

Mwishoni mwa Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya ilitangaza faini tatu kwa mpigo, na mbili kati yake zilihusu picha. Casa Vera, baa maarufu ya Nairobi, iliamriwa kulipa shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja wake kwenye mitandao ya kijamii bila ridhaa yake. Shule ya Roma iliyoko Uthiru ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Miezi michache kabla, tarehe 1 Mei, Tanzania nayo ilikuwa imeanza kutumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tangu hapo wapiga picha wakikutana, iwe Dar es Salaam au Nairobi, malalamiko hayakosekani: kazi ya mtaani imekwisha, kila sura sasa ina wakili wake, bora mtu apige milima na machweo. Naamini malalamiko hayo yametokana na kusoma kichwa cha habari na kuiacha habari yenyewe. Sheria hizi hazikumkataza mtu kubonyeza kamera. Zinauliza picha ikishapigwa inakwenda wapi na kwa faida ya nani, na swali hilo ndilo sisi tunaofundisha kamera tulipaswa kuwa tunalijibu tangu somo la kwanza.

Ukizitazama faini hizo kwa makini, hakuna hata moja iliyomwangukia mpiga picha wa mtaani. Aliyelipa katika kesi ya kwanza ni biashara iliyogeuza uso wa mteja kuwa tangazo la bure. Aliyelipa katika ya pili ni shule iliyowatumia watoto kujinadi kwa wazazi wengine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inasema wazi katika kifungu cha 37 kwamba taarifa za mtu zisitumike kibiashara bila ridhaa yake, na katika kifungu cha 33 kwamba taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Kifungu cha 52 cha sheria hiyohiyo kinatoa nafasi kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa pale uchapishaji unapokuwa na manufaa kwa umma. Maana yake waliotunga sheria waliwafikiria wapiga picha, wakawaachia mlango. Nyuma ya sheria zipo katiba: Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 na Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania ya 1977, zote zikilinda faragha. Haki hii haikuletwa juzi na watu wa kompyuta. Tanzania iliiandika kabla kamera ya dijitali haijaingia madukani.

Hata hivyo wanaolalamika wana hoja moja ambayo siipuuzi. Kwa jinsi sheria zilivyoandikwa, mpiga picha wa harusi mwenye kompyuta moja na diski mbili zilizojaa sura za watu anaweza kuhesabiwa kuwa mkusanyaji wa taarifa binafsi sawa na benki. Benki ina idara ya sheria. Yeye ana shemeji anayemsaidia kubeba taa. Hajui picha za harusi ya miaka mitano iliyopita azihifadhi au azifute, wala hajui afanye nini bibi harusi akiachika na kutaka picha zake zishushwe kwenye ukurasa wa studio. Hofu yake ni ya kweli na nitairudia mwishoni. Lakini ni hofu ya mtu ambaye hajapewa maelezo, na dawa yake haipatikani kwa kudai sheria ifutwe.

Tatizo kubwa zaidi ninaliona kwenye mafunzo. Chukua kozi yoyote ya kamera kwa wanaoanza, ya chuo au ya video za bure za mtandaoni, utakuta mpangilio mmoja. Wiki ya kwanza ni mambo matatu yanayotawala mwanga: tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Mwanafunzi anaambiwa f/1.8 inafungua tundu na kuifanya nyuma ya mtu iwe ukungu, f/8 inaonyesha vyote kwa ukali. 1/500 ya sekunde inamgandisha mchezaji wa mpira hewani, 1/30 inamwacha akivutika. ISO 100 ni ya juani, ISO 3200 ni ya ukumbini na italeta chengachenga. Zinafuata fokasi, kupanga fremu na kuediti. Maadili, yakiwepo, huja saa ya mwisho pamoja na namna ya kusafisha lenzi, nayo hufundishwa kama orodha ya makatazo. Matokeo yake tunatoa vijana wanaojua kupata picha kali ya mama anayelia lakini hawajui wamwambie nini mama huyo akiinua uso na kuwaona.

Mgawanyo huo wa ufundi upande mmoja na maadili upande mwingine ndio ninaoupinga, kwa sababu haupo kwenye kazi yenyewe. Chukua mwanga. Kipima mwanga cha kamera hakijui kilicho mbele yake. Hukisia tu kwamba wastani wa vyote vilivyomo kwenye fremu ni kijivu cha kati. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa saa sita mchana, kamera itaukimbia weupe wa ukuta na kupunguza mwanga, na kitakachobaki usoni ni macho na meno. Mpiga picha anayejua kazi atamsogeza mtu huyo kivulini, atamgeuza aelekee upande mwanga unakotoka, atapima mwanga kwenye uso wake na si kwenye ukuta, au ataongeza mwanga hatua moja kwa mkono. Asiyejua atasema mtu huyu hapigiki vizuri. Kauli hiyo ina historia ndefu. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu zilipanga rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizobeba picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi za Shirley. Filamu ziliposhindwa na rangi za kahawia, shinikizo lililosikika kiwandani lilitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikuonekana sawasawa kwenye matangazo. Watu wenye ngozi ya rangi hizohizo walikuwa wamepigwa picha mbaya muda wote huo. Kwa hiyo kumfundisha kijana wa Temeke kupima mwanga kwenye uso mweusi ni ufundi, na papo hapo ni kumrudishia mtu heshima yake.

Umbali nao una maana yake. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, inaona sawa na lenzi ya takriban milimita 24 hadi 26 kwenye kamera kubwa. Ukiisogeza sentimita 30 kutoka usoni, pua inavimba na masikio yanarudi nyuma. Mtu anakuwa kichekesho bila wewe kukusudia. Ukirudi nyuma mita moja na nusu ukatumia ukuzaji wa mara mbili, uso unarudi kuwa wake. Pembe ya kamera ni vivyo hivyo. Mtoto aliyepigwa kutoka juu, akitazama juu kwa macho makubwa huku mpiga picha amesimama wima, ameshawekwa chini kabla maelezo ya picha hayajaandikwa. Piga goti, kamera ifike usawa wa macho yake, utaona mtoto yuleyule, nguo zilezile zilizochanika, lakini sasa ni mtu anayekutazama. Picha nyingi za mabango ya misaada tulizozizoea zilipigwa kwa pembe ile ya kwanza, na sidhani kama ilikuwa bahati mbaya kila mara.

Kisha kuna suala la ruhusa, ambalo ndilo linalozua ubishi mkubwa. Nenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi, utawakuta wanafunzi wa kamera wa aina mbili. Mmoja kajibanza nyuma ya nguzo na lenzi ya milimita 200, anawawinda wakaanga samaki katikati ya moshi. Mwingine kamera yake inaning'inia shingoni, mikono mitupu, anasogea mpaka karai linapochemka. "Shikamoo mama. Samahani, naomba nikupige picha ukikaanga." Mama anageuza samaki kwanza. "Marahaba. Ya nini?" "Ya kazi ya darasani, mama. Haitawekwa mtandaoni." "Haya, subiri nijifunge kanga vizuri." Anafunga kanga, anarudi kwenye karai, na baada ya dakika tatu amesahau kama kuna kamera. Swali lake lile fupi ndilo sheria yote. Taarifa zimekusanywa kwa lengo gani? Zitatumika kwa lengo hilo tu? Mama hajasoma kifungu chochote, lakini ameuliza sawasawa na Kamishna. Tena ameweka sharti: ataonekana akiwa amejistiri. Mwanafunzi aliyejibu kwamba haitakwenda mtandaoni ameshafunga mkataba, na akiiweka Instagram mwezi ujao atakuwa ameuvunja hata kama mama hatajua.

Wapo watakaosema ruhusa ya namna hiyo inaua uhai wa picha, kwamba mtu akishajua anapigwa hujikausha. Hoja hii imerudiwa sana kuliko inavyostahili. Anayejikausha ni yule aliyeombwa ruhusa na mtu mwenye haraka. Mpe mtu dakika tano za mazungumzo, atarudi kwenye kazi yake, kwa sababu samaki wanaungua na wateja wanasubiri. Dhaifu zaidi ni ile hoja nyingine inayopenda kuvaa joho la huruma: kwamba picha za watoto wanaotokwa na kamasi na wagonjwa walio kitandani zinawasaidia wenyewe, kwani ndizo zinazoleta wafadhili. Angalia nani anaomba ridhaa na nani anaombwa. Mama yuko kwenye foleni ya vyandarua, mpiga picha kavaa fulana ya shirika linalogawa vyandarua, anamuuliza kama anaweza kumpiga picha na mwanawe. Mama atasema ndiyo. Angesemaje? Ridhaa inayoombwa na mkono ulioshika msaada haiwezi kuitwa ridhaa, na karatasi iliyosainiwa haibadilishi hilo. Kama kweli lengo ni kumsaidia, mwombe baada ya kupokea chandarua chake, akiwa huru kukataa na kuondoka nacho. Mashirika ya Ulaya yenyewe yaliliona tatizo hili zamani. Tangu mwaka 1989 yamekuwa na mwongozo wa pamoja kuhusu picha na ujumbe unaowahusu watu wa nchi maskini. Inashangaza kwamba wapiga picha wetu, ambao mashirika hayo huwaajiri, mara nyingi hawajawahi kuonyeshwa mwongozo huo.

Hoja ya kwamba hadharani hakuna faragha ina uzito zaidi, na mahakama za dunia hazijakubaliana juu yake. Mwaka 2006 mahakama ya New York ilitupa kesi dhidi ya mpiga picha Philip-Lorca diCorcia, aliyewapiga wapita njia wa Times Square kwa taa zilizofichwa na kuuza picha hizo kama sanaa. Uhuru wa kujieleza ukashinda. Miaka minane kabla, mwaka 1998, Mahakama ya Juu ya Kanada ilikuwa imeamua kinyume katika kesi ya Aubry: binti wa miaka 17 alipigwa akiwa amekaa kwenye ngazi za jengo huko Montréal, picha ikachapishwa kwenye jarida la sanaa bila ridhaa yake, naye akapewa fidia ya dola 2,000. Nchi jirani, barabara za hadhara zote mbili, majibu mawili. Mimi naegemea Kanada katika jambo moja tu. Umati wa Kariakoo ni umati, na mtu aliyemo ndani yake kama tone hana cha kudai. Ukimtoa mtu mmoja kwenye umati huo, ukamfanya yeye ndiye picha, hapo huna tena kisingizio cha hadhara, na ni uungwana kumfuata ukamwonyesha ulichopata. Akikataa, futa mbele yake. Kupoteza picha moja nzuri hakujawahi kumfilisi mpiga picha.

Inabaki hoja iliyo nzito kuliko zote, ambayo nina heshima nayo. Oktoba 1984 Mohamed Amin, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, aliingia kambi ya Korem nchini Ethiopia na kamera yake. Picha zake, zilizotangazwa na BBC, ziliifanya dunia iione njaa ambayo serikali ya Addis Ababa haikutaka ionekane. Asingeweza kumzungukia kila mtu aliyelala chini alfajiri ile na kumwomba saini. Kama sheria ya picha ingelikuwa ya kumzuia mtu kama Amin, ningekuwa wa kwanza kuipinga, kwa sababu wanaonufaika na ukimya ni wenye mamlaka. Ndiyo maana kile kifungu cha manufaa ya umma ni muhimu, na ndiyo maana wapiga picha wanapaswa kukilinda badala ya kuikataa sheria nzima. Ila manufaa ya umma hayaondoi deni kwa aliyepigwa. Msichana wa Kiafghani aliyepigwa na Steve McCurry mwaka 1984 kwenye kambi ya wakimbizi karibu na Peshawar alikaa kwenye jalada la National Geographic la Juni 1985, akajulikana dunia nzima kwa macho yake, na haikuwa mpaka mwaka 2002 ndipo waliompiga walipolijua jina lake: Sharbat Gula. Kuuliza jina hakuhitaji sheria wala vifaa. Kunachukua sekunde kumi, na daftari la mfukoni linatosha.

Pwani yetu inalifahamu hili kuliko inavyokiri. Mwanzoni mwa karne iliyopita studio za Unguja, kama ya A. C. Gomes na ya ndugu wa Coutinho, ziliuza postikadi kwa wageni, na wengi waliopigwa walibaki na maelezo ya jumla tu: mwanamke wa Kiswahili, mpagazi, mtumishi. Majina yao yamepotea. Baadaye mambo yaligeuka. Watu walianza kwenda studio wenyewe, kama ile ya Capital Art iliyoanzishwa na Ranchhod Oza Unguja mwaka 1930, wakachagua nguo, wakachagua mkao, wakalipa, wakaondoka na picha yao kwenye bahasha. Mwenye sura ndiye aliyekuwa mteja. Leo hii nenda kwenye ukumbi wa wanawake katika harusi ya Mombasa au Zanzibar, utakuta simu zinazuiwa mlangoni, anayepiga picha ni mwanamke, na memori kadi inakabidhiwa kwa familia kabla hajaondoka. Hakuna anayesema utaratibu huo umeua biashara ya picha. Umezalisha wapiga picha wanawake wenye kazi ya kutosha, kwa sababu wanaaminika. Anayedai kwamba ridhaa ni jambo la kigeni lililoletwa na sheria za Ulaya hajawahi kualikwa kwenye harusi hizo.

Tukikubali hayo, mafunzo lazima yabadilike kwa vitendo. Zoezi la kwanza la mwanafunzi lisiwe kupiga kikombe juu ya meza. Liwe kumpiga mtu mmoja asiyemjua, kwa ruhusa, na kumrudishia nakala iliyochapishwa. Atajifunza mwanga, umbali na mazungumzo kwa pamoja. Afundishwe pia kwamba simu huandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili lenyewe kama huduma ya eneo imewashwa, na kwamba WhatsApp huyaondoa maelezo hayo picha ikitumwa kama picha lakini huyaacha ikitumwa kama dokumenti. Kwa anayempiga mwanamke aliyekimbia kipigo cha mumewe, tofauti hiyo inaweza kuwa suala la uhai. Afundishwe kwamba sura iliyowekwa mtandaoni leo inaweza kuchukuliwa na programu za akili mnemba na kuvalishwa mwili mwingine, jambo ambalo aliyesema "haya, nipige" hakuliridhia na hakuweza kulifikiria. Na mwenye studio aweke kwenye mkataba wake, kwa Kiswahili cha kawaida, mistari mitatu: picha zitatumika wapi, zitahifadhiwa kwa muda gani, na nani anaweza kuagiza zifutwe.

Narudi kwa yule mpiga picha wa harusi na diski zake mbili. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyozinduliwa na Rais Samia Aprili 2024, na mwenzake wa Nairobi, wanapaswa kuandaa mwongozo mfupi wa kazi za picha, usiozidi kurasa chache, unaotofautisha studio ya mtu mmoja na kampuni ya simu, na unaoeleza kifungu cha manufaa ya umma kwa mifano ya mtaani. Wapiga picha wasisubiri kuitwa. Vyama vyao viandike rasimu ya kwanza na kuipeleka, kwa sababu wasipofanya hivyo itaandikwa na mawakili wa mabenki, ambao hawajawahi kusimama ukumbini saa nane za usiku na memori kadi mbili zilizojaa, huku shangazi wa bwana harusi akiuliza picha zile zitakwenda kwa nani.